Kijitabu cha Mazishi Ndicho Shule: Mwongozo kwa Mbunifu Chipukizi wa Usenge

Kazi ya kubuni michoro ipo Usenge, hapa ufukweni mwa Ziwa Victoria, ila haijitangazi kwa jina hilo. Imo kwenye menyu ya hoteli inayouza mbuta na ngege, kwenye vitabu vya risiti vya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), kwenye stika za bodaboda, kwenye fulana za mashindano ya shule, na kwenye pakiti za omena inayotafuta soko mbali na huku Yimbo. Uchaguzi ukikaribia, utaiona kwenye sura za wagombea zinazobandikwa hadi kwenye miti. Lakini kazi inayokuja wiki baada ya wiki, ziwa liwe tulivu au lichafuke, ni ya mazishi.

Kwa hiyo ukiniuliza uanze na programu gani ya kompyuta, nitakujibu kwa swali: je, unaweza kutengeneza kijitabu cha mazishi cha kurasa 12 kisicho na jina hata moja lililokosewa, kikawa tayari kabla mwili haujatoka mochari? Ukiweza hilo, umeshajua zaidi ya nusu ya ufundi huu. Kila somo limo humo ndani: picha mbovu inayotakiwa ipendeze, maandishi mengi yanayotakiwa yasomeke, orodha za majina, ratiba, nyimbo, ukubwa wa karatasi, rangi, na saa ya mwisho isiyosogezwa. Familia nyingi huzika Jumamosi. Mwili huondoka mochari ya Bondo, Siaya au Kisumu siku ya Ijumaa, na wewe utaletewa kazi Jumatano jioni, pengine Alhamisi, maelezo yakiwa yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari.

Usingoje upate mteja ndipo ujifunze. Buni marehemu wako mwenyewe: mpe jina, wazazi, shule alizosoma, watoto, wakwe, wajukuu, kikundi cha akina mama alichokuwa mwanachama. Kisha keti ukitengeneze kijitabu chote kuanzia jalada hadi shukrani. Utaona mara moja unachojua na usichojua.

Herufi kwanza

Chipukizi wengi hukimbilia vivuli, mng'ao, maua ya pembeni na picha ya mawingu yenye miale. Achana nayo kwa sasa. Kazi yako ya kwanza ni kuamua jicho la msomaji lianze wapi, liende wapi, lipumzike wapi. Katika jalada la kijitabu kuna mambo manne tu: uso, jina, miaka, na mahali pa maziko. Kama kila kimoja kinapiga kelele sawa na mwenzake, hakuna kitakachosikika. Kifanye kimoja kuwa kikubwa waziwazi, si kikubwa kidogo. Vinavyohusiana viweke karibu, visivyohusiana vitenge kwa nafasi tupu. Nafasi tupu utaigombania na wateja maisha yako yote, maana wao huiona kama karatasi iliyopotea bure.

Walimu wa somo hili wapo tayari na hawalipishi karo. Mmoja ni leso. Itandaze uitazame kama kazi ya kubuni: kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na kuna jina, yaani yale maandishi yaliyowekwa mahali pake pa siku zote chini ya mji. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ile ya chapa ya Mali ya Abdulla, ilianza mwaka 1887, na hadi leo mpangilio huo unaendelea kuuza nguo kwa sababu mnunuzi anajua pa kutazama. Rangi ni chache, mpaka uko wazi, na maneno hayapandi juu ya ua. Chora leso moja kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Utajifunza kurudia umbo, kupanga sawasawa na kupima nafasi kuliko utakavyojifunza kwa kutazama video kumi.

Mwalimu mwingine ni mchoraji wa mitumbwi. Shuka ufukweni asubuhi boti zinaporudi. Jina la boti na namba yake ya usajili huandikwa kwa rangi ya mafuta ubavuni, na ni lazima visomeke kwa mbali, maji yakiwa yanameremeta. Kwa hiyo fundi hatumii herufi nyembamba zenye mikia. Anaweka nyeupe juu ya buluu iliyokolea, au nyeusi juu ya manjano, basi. Kuna kipimo ambacho waandika mabango hukitumia: kwa kila mita tatu za umbali, herufi iwe na urefu wa takriban sentimita 2.5. Bango la hoteli linalopaswa kusomwa na abiria aliye mita 30 kutoka hapo linahitaji herufi za sentimita 25. Mteja akikuambia uongeze namba mbili za simu, orodha ya vyakula na mstari wa Biblia kwenye bango hilohilo, mwonyeshe kipimo. Hesabu hushawishi kuliko ladha yako.

Kuhusu fonti, mbili zinatosha kwa kazi moja: moja ya vichwa, moja ya maandishi marefu. Google Fonts zinapakuliwa bure na leseni zake zinaruhusu kazi ya biashara. Kabla hujaichagua fonti yoyote, andika kwayo majina kama Nyang'oma, Ng'iya na K'Ogalo, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa zote. Zipo fonti zinazoacha pengo baya kwenye ile alama ya ritifaa, na zipo zisizo nayo kabisa zikaweka kisanduku. Alama yenyewe iwe ile iliyopinda kama tisa ndogo, si mkwaju ulioegemea upande wa pili ambao simu nyingi huuweka karibu yake. Tena iwe ileile kitabu kizima.

Na majina! Zima kirekebishaji cha tahajia kabla hujaanza kuchapa, maana kompyuta itaona jina la Kijaluo kama kosa la Kiingereza na kulibadilisha kimyakimya. Odhiambo na Adhiambo wanatofautiana kwa herufi moja, Onyango na Anyango vilevile, na kwa herufi hiyo moja utakuwa umemgeuza shangazi kuwa mjomba mbele ya kijiji kizima. Usijisomee mwenyewe orodha ya familia. Mtafute mtu mmoja wa ukoo, msomee kwa sauti, yeye akiwa na karatasi yake mkononi. Akimaliza, atie sahihi kwenye nakala ya majaribio au akutumie ujumbe wa kukubali. Bila hiyo, usichape.

Karatasi ina sheria zake

Kijitabu cha kawaida ni karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati ikawa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Karatasi moja iliyokunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 8, 12, 16. Ukiletewa maandishi yanayojaza kurasa 13, una kazi ya kupunguza hadi 12 au kutafuta picha za kufikisha 16. Liulize hilo mapema, kabla familia haijaahidi kila binamu ukurasa wake wa rambirambi.

Acha pambizo ya angalau milimita 12 upande wa mkunjo, la sivyo maneno yatazama katikati. Rangi au picha inayofika ukingoni mwa karatasi iongezwe milimita tatu nje ya mstari wa kukatia, kwa kuwa kisu hakikati pale pale kila mara. Mpelekee mchapaji PDF yenye kurasa zikiwa zimefuatana moja baada ya nyingine. Kupanga ukurasa wa 12 ukae ubavuni mwa ukurasa wa kwanza ni kazi ya mashine yake, isipokuwa akikwambia vingine.

Mara nyingi jalada huchapwa kwa rangi na kurasa za ndani kwa nyeusi, ili kupunguza gharama. Jua hilo kabla hujapaka kichwa cha habari cha ndani rangi ya manjano, maana kwa nyeusi kitatoka kijivu hafifu kama kosa la mashine. Maandishi madogo yawe meusi tupu, asilimia 100 ya wino mweusi, bila kuchanganywa na wino mwingine. Wino nne zikikosa kukaa sawasawa moja juu ya nyingine, hata kwa unywele mmoja tu, herufi hutoka na kivuli cha rangi.

Hapo ndipo linapoingia suala la rangi za skrini na za karatasi. Simu huonyesha rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine hupaka kwa wino: sayani, majenta, manjano na nyeusi, ndiyo ile CMYK utakayoiona kwenye menyu za programu. Kijani kinachong'aa kwenye simu hakipo katika wino, kwa hiyo mashabiki wa Gor Mahia wakitaka bango, waonyeshe kipande kilichochapwa, si skrini. Na bango la nje lina adui mwingine, jua. Majenta na manjano hufifia kabla ya sayani na nyeusi. Ndiyo maana mabango ya zamani barabarani hugeuka ya kibuluu na nyuso za watu zikaonekana kama za wagonjwa. Ujumbe unaotakiwa kudumu usiutegemeze kwenye wekundu peke yake.

Picha ya marehemu

Hili ni jambo la heshima kabla ya kuwa la ufundi. Utapewa picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine, au ile ya kitambulisho, au uso uliokatwa kutoka kwenye kundi la watu harusini. Hesabu kwanza. Uchapaji mzuri hutaka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji takriban pikseli 1,180. Jalada zima la A5 linataka 1,748 kwa 2,480. Ikiwa picha uliyonayo ina pikseli 400, ifanye ndogo, izungushie fremu, na uache nafasi. Picha ndogo iliyo safi ina hadhi kuliko kubwa iliyochakaa.

Omba picha itumwe WhatsApp kama hati, si kama picha, kwa sababu ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na pikseli nyingi hupotea. Picha ya karatasi usiipige kwa simu chini ya taa. Nenda saiba wakuskanie kwa pikseli 600 kwa inchi.

Siku hizi kuna akili mnemba inayoahidi kufufua picha ya zamani kwa mguso mmoja. Itumie kukata mandharinyuma, inafanya vizuri. Usiiachie uso. Pale isipoona jicho, hubuni jicho, na familia iliyokaa na mama yao miaka 70 itatambua kwamba aliye jaladani ni mtu mwingine. Rekebisha mikwaruzo kwa mkono wako, ongeza mwanga kidogo, ishia hapo.

Sasa vifaa

Kama una simu tu, anza na simu. PixelLab kwenye Android imewalisha vijana wengi wa Afrika Mashariki, na Canva, iliyoanza Australia mwaka 2013, itakupa mpangilio wa haraka wa tangazo la kanisa au la mechi. Lakini jua mipaka yake. Canva ya bure haikupi faili ya CMYK. Violezo vyake viko mikononi mwa kila mtu, na nembo uliyoiunga kwa vipande vya maktaba yake mteja hataweza kuisajili kama alama yake ya biashara.

Ukipata fedha ya kompyuta, tafuta laptopu ya mitumba yenye kumbukumbu ya GB 8, diski ya SSD, na betri inayoshika chaji kweli. Umeme ukikatika huku, mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS huanza ukurasa upya. Nunua na mausi pia. Kuchora kwa kidole kwenye kibao cha laptopu ni mateso. Na vidole vyako vizoee kuhifadhi kazi kila baada ya sentensi.

Programu zigawe kwa kazi, si kwa sifa. Aina ya kwanza ni za kuchora kwa mistari ya hesabu, yaani vekta, ambayo unaweza kuikuza hadi ukubwa wa ukuta isipoteze ukali: Illustrator ya Adobe, iliyotoka 1987, CorelDRAW ya Kanada, iliyotoka 1989, na Inkscape, ya bure kabisa, tangu 2003. Nembo, stika na maandishi ya bango ni za huku. Aina ya pili ni za picha zenye pikseli: Photoshop ya 1990, na GIMP ya bure, iliyotolewa kwa umma mara ya kwanza 1996 na kupata toleo lake la tatu mwaka 2025. Ipo pia Photopea, inayofanya kazi ndani ya kivinjari na kufungua faili za Photoshop bila kusakinisha chochote. Aina ya tatu, ambayo chipukizi huisahau, ni za kupanga kurasa: InDesign, na Scribus ambayo ni ya bure. Kijitabu cha kurasa 16 ukikitengeneza ndani ya Photoshop, siku mteja atakapoongeza jina moja ukurasa wa tatu utasogeza kila kitu kwa mkono hadi ukurasa wa mwisho. Nimewaona watu wakifanya hivyo usiku kucha, na wanajiona wachapakazi.

Ushauri wangu kwa mtu wa Usenge asiye na mtaji ni huu: Inkscape, GIMP na Scribus, kwa mpangilio huo. Inkscape haishiki vizuri rangi za CMYK, kwa hiyo chora humo, kisha ingiza mchoro kwenye Scribus utoe PDF ya mchapaji kutoka huko. Wakati huohuo jifunze misingi ya CorelDRAW kwa rafiki au kazini, kwa kuwa maduka mengi ya uchapaji Kenya huitumia na utaulizwa. Adobe iliacha kuuza matoleo mapya ya kulipia mara moja tangu 2013, sasa ni malipo ya kila mwezi. Lipa pale kazi inapoilipa, si kabla. Nakala za wizi zinazouzwa kwenye flashi nisingekushauri, na si kwa sababu ya sheria pekee: mara nyingi huja na virusi, na virusi havichagui faili ya kufuta Alhamisi usiku.

Ukifikiria kwenda chuo, usidanganywe na orodha ya programu zinazofundishwa. Omba uone kazi za wanafunzi waliomaliza mwaka jana, zikiwa zimechapwa. Kama hawana hata moja ya kukuonyesha, umeshapata jibu. Kuna pia mafunzo ya mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, ambayo yanafaa zaidi kwa anayetaka kutafuta wateja mtandaoni.

Kazi nyingine, kwa ufupi

Stika ya bodaboda hukatwa na mashine inayofuata mstari, kwa hiyo inataka vekta na haielewi picha wala kivuli. Fulana za kuchapwa kwa fremu hutozwa kwa idadi ya rangi, buni kwa rangi moja au mbili. Bango la mita tatu halihitaji pikseli 300 kwa inchi. 72 hadi 100 zinatosha, ila acha sentimita tano pembeni bila maandishi, kwa ajili ya pindo na matundu ya kamba, na ukumbuke upepo wa ziwani alasiri. Pakiti ya omena iwe na uzito, tarehe, na jina na anwani ya mzalishaji. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, usiiweke mpaka mwenye bidhaa akuonyeshe kibali chake. Mabango ya wagombea yalipiwe yote kabla ya kuchapwa. Mshindi atakuwa na shughuli nyingi na aliyeshindwa hatapokea simu.

Malipo na sheria

Tenganisha bei ya kubuni na bei ya kuchapa kwenye risiti, hata kama unachukua zote. Usipozitenganisha, mteja ataamini kwamba unauza karatasi, na atalinganisha bei yako na ya fotokopi. Chukua nusu kwa M-Pesa kabla hujafungua kompyuta. Kwa msiba unaweza kulegeza, ukijua unamlegezea nani. Taja mapema idadi ya masahihisho yaliyomo kwenye bei. Mzee wa familia akifika na mabadiliko ya tano, yawe na gharama yake, na umwambie kwa adabu siku ya kwanza, si siku hiyo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ina jambo ambalo wabunifu wengi hawalitarajii: kazi uliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwake, msipokubaliana vingine. Ukitaka kubaki na haki ya mchoro, au walau ya kuuonyesha miongoni mwa kazi zako, andikeni. Ujumbe mfupi wa simu wenye makubaliano ya pande zote ni afadhali kuliko kukumbushana. Na usichukue sura ya mchuuzi uliyempiga picha ufukweni ukaiweka kwenye tangazo la hoteli bila idhini yake. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza faini za mamilioni ya shilingi mgahawa mmoja wa Nairobi na shule moja kwa kuchapisha picha za watu bila ruhusa iliyotakiwa. Anayekulipa ndiye atakayeshtakiwa kwanza, lakini jina lako litatajwa.

Kazi ikishachapwa, usiifute. Weka kwenye folda moja faili ya kuhaririwa, PDF iliyopelekwa kwa mchapaji, fonti, na picha asili, folda ikiwa na mwaka, jina la ukoo na aina ya kazi. Nakala moja ibaki kwenye laptopu, nyingine kwenye diski ya nje inayokaa nyumba tofauti, maana mwizi wa laptopu huchukua na begi lake. Familia itarudi kwa ajili ya misa ya kumbukumbu, ikitaka picha ileile, safari hii kwenye fulana, na huwa wanataka kwa kesho.